Deni la Kurasini

Makopa ni mhogo uliomenywa, ukapasuliwa, ukaanikwa juani mpaka ukawa mkavu mweupe, tayari kutwangwa unga. Watu wa Mtwara na Lindi hawahitaji kuelezwa, wala wa ng'ambo ya Ruvuma. Lakini katika misitu ya Cabo Delgado, wakati wa vita vya kumwondoa Mreno, kipande cha mhogo mkavu kilikuwa na kazi nyingine: kilikuwa chaki. Ubao ulikuwa mbao zilizoungwa na kupakwa weusi wa mkaa. Mtoto asiye na daftari aliandika mchangani kwa kijiti, akafuta kwa kiganja, akaandika tena. Darasa lilikaa chini ya miti yenye kivuli kizito, na kivuli chenyewe hakikutafutwa kwa ajili ya jua tu. Ndege za Wareno zilikuwa zikipita, na uwanja uliofyekwa ungeonekana kutoka juu. Karibu na pale watoto walipokaa palichimbwa mahandaki. Ada haikuwepo.

Ukiifuata njia ya vitabu vya shule hizo kinyumenyume, kuanzia kichwani mwa mama aliyevuka Ruvuma na mzigo, kupitia maghala ya kusini mwa Tanzania, mpaka kwenye mashine ya saiklostaili iliyovirudufu, unaishia Dar es Salaam, Kurasini, jirani na bandari. Hapo ndipo ilipokuwa Taasisi ya Msumbiji, au kwa Kireno Instituto Moçambicano. Iliishi miaka 12 tu, 1963 hadi 1975. Kwenye hotuba za sherehe hupewa sentensi moja, katikati ya majina ya viongozi wa vita, Mondlane na Samora, kisha msemaji anaendelea na risasi.

Mimi naona inastahili zaidi ya hiyo sentensi. Ndani ya ua wake ulizuka ugomvi ambao Afrika Mashariki nzima ilikuwa nao miaka ileile, na sidhani kama tumeumaliza: mtu anayesomeshwa bure anadaiwa nini, na mwenye kumdai ni nani?

Tuanze na kilichowakimbiza watu kwao. Chini ya Salazar, dikteta wa Ureno, elimu ya Mwafrika Msumbiji iliachiwa misheni za Kikatoliki, kwa makubaliano ya mwaka 1940 kati ya Ureno na Vatikani. Wazungu na wachache waliohesabiwa kuwa "wamestaarabika" walikuwa na shule zao za serikali. Waliobaki walifundishwa katekisimu, Kireno kidogo na kazi za mikono, na mtoto akipita hapo alikuta mlango wa pili umefungwa kwa umri, kwa ada au kwa rangi. Matokeo yalionekana siku ya uhuru wenyewe, mwaka 1975: zaidi ya watu 9 katika kila 10 hawakujua kusoma wala kuandika. Mreno alikuwa ameshika pwani ile tangu enzi za Vasco da Gama.

Kwa hiyo vijana walipoanza kuvuka mpaka kuingia Tanganyika, hasa baada ya watu kupigwa risasi Mueda tarehe 16 Juni 1960, wengi wao hawakuja na wazo la bunduki. Walikuja kutafuta shule. Dar es Salaam ilikuwa mji ambao mtu angeweza kuingia na viatu vilivyotoboka na kutoka na tiketi ya ndege kwenda Moscow, Cairo au Marekani. Vyama vya ukombozi vilikuwa na ofisi zao mjini, na tangu 1963 Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao hapohapo. Habari za fedha za masomo zilienea barazani upesi kuliko habari za vita.

FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, ilikuwa imeundwa mjini humo tarehe 25 Juni 1962, kwa kuunganisha vyama vitatu ambavyo havikupendana sana. Rais wake, Eduardo Mondlane, alikuwa mtoto wa Manjacaze, kule Gaza, aliyechunga ng'ombe utotoni. Alifukuzwa Afrika Kusini mwaka 1949 alipokuwa akisoma Witwatersrand, akapita Lisbon, akamalizia Marekani na shahada ya udaktari, kisha akafanya kazi Umoja wa Mataifa na kufundisha Syracuse. Mtu wa namna hiyo hakuhitaji kushawishiwa kwamba chama kisicho na watu wa kusoma ramani, kuandika barua na kupima homa hakitafika mbali. Mkewe, Janet, Mmarekani mweupe aliyefunga naye ndoa mwaka 1956, alihamia Dar es Salaam mwaka 1963 na kupewa kazi ya kuianzisha Taasisi. Aliiongoza mpaka mwisho.

Mwanzo ulikuwa mdogo. Kilichohitajika kwanza ni mahali pa kulala. Vijana walikuwa wametapakaa mjini, wengine wakisoma huku na kule, wengine wakikaa tu. Taasisi ilianza kama bweni lenye masomo ya ziada, na sekondari ikafuata. Fedha za kwanza kubwa, karibu dola 100,000, zilitoka Ford Foundation ya Marekani. Ureno ikaja juu. Ilikuwa mwanachama wa NATO, na Wamarekani walikuwa na kituo chao cha kijeshi visiwa vya Azores, kwa hiyo malalamiko ya Lisbon yalisikika Washington. Ruzuku hiyo haikurudiwa. Waliojitokeza baada ya hapo walikuwa Waswidi: serikali yao ilianza kuisaidia Taasisi mwaka 1965, na ikaendelea mpaka uhuru. Makanisa nayo yalichangia, na vikundi vya wananchi vya Ulaya Kaskazini, ambako Janet alikwenda mara kwa mara kukinga mikono.

Hapa pana ujanja ambao wanahistoria hupita juu yake haraka. Taasisi ilisajiliwa kama chombo chenye bodi yake, kando ya chama. Serikali ya Ulaya isiyoweza kutoa senti kwa watu wenye bunduki iliweza kutoa madaftari, dawa, blanketi na mishahara ya walimu kwa shule. Kila mtu alijua nyumba ni moja yenye milango miwili, na kila mtu, akiwemo mfadhili, aliona vizuri kutolisema. Kadiri vita vilivyokua ndivyo mlango wa Kurasini ulivyopitisha mengi zaidi: vifaa vya hospitali, nguo za wakimbizi, majembe, maziwa ya watoto. Jina lilibaki la shule, lakini kwa kazi zake ilikuwa karibu wizara tatu za nchi ambayo haijazaliwa.

Vita vilianza tarehe 25 Septemba 1964, kwa shambulio la kituo cha utawala cha Chai, Cabo Delgado. Wareno walijibu kwa kuchoma vijiji, na watu wakavuka Ruvuma kwa mitumbwi na kwa miguu. Serikali ya Tanzania ilifungua makazi ya wakimbizi kusini, kama Rutamba kule Lindi. Watoto waliofika bila wazazi walihitaji zaidi ya shamba la kulima. Kwa ajili yao kilijengwa kituo cha Tunduru, chenye shule ya msingi na malezi ya wadogo. Kurasini kwenyewe yalianzishwa mafunzo ya wauguzi wasaidizi, yakisimamiwa na daktari mweupe aliyeasi upande wa Wareno, Hélder Martins. Kijana alifundishwa kusafisha kidonda, kutoa chanjo ya ndui, kutambua malaria na kuhara damu, kisha akarudi ng'ambo na mkoba begani. Samora Machel, ambaye baadaye alikamata jeshi na kisha chama, alikuwa muuguzi kabla ya kuwa askari, na nadhani hilo lilisaidia zahanati kuhesabiwa kuwa silaha.

Ndani ya maeneo yaliyokombolewa, yaani sehemu za Cabo Delgado na Niassa ambako Mreno alibaki na ngome zake tu, shule zilichipuka kuliko walimu. Mtu aliyemaliza darasa la nne alimfundisha wa darasa la pili, na wa la pili akawashika wale waliokuwa hawajawahi kushika kijiti. Watu wazima walikaa na watoto. Kila shule ilikuwa na shamba lake. Wamsumbiji, hata wanapozungumza Kireno safi, shamba huliita machamba, na sisi tunaolisikia neno hilo tunajua limetoka wapi. Wanafunzi walilima mhogo, mahindi na mtama. Sehemu waliila wao, sehemu ilikwenda kwa wapiganaji. Mhogo ukilimwa na mwanafunzi humpa uji asubuhi na chaki saa mbili. Ndiyo ada iliyokuwepo.

Vitabu vilikuwa kazi ya Kurasini. Vile vya Mreno vilimfundisha mtoto wa Mueda kukariri mito ya Ureno na wafalme wake. Taasisi ikaanza kutunga vyake: hesabu, Kireno, baadaye historia ya Msumbiji iliyoandikwa kwa mara ya kwanza na upande uliotawaliwa. Vilipigwa taipu, vikarudufiwa, vikabanwa kwa pini, na karatasi zile laini zikaingia kwenye jasho na mvua. Sitashangaa kama nyingi ziliishia kusokotewa sigara. Ndivyo vitabu vinavyoishi msituni.

Katika watu waliopita Kurasini, mmoja nataka nikae naye kidogo. Josina Muthemba alizaliwa Vilanculos mwaka 1945. Alipojaribu kutoroka mara ya kwanza, mwaka 1964, alikamatwa pamoja na kundi lake Victoria Falls, upande wa Rhodesia, akarudishwa Lourenço Marques, Maputo ya leo, na kufungwa. Akajaribu tena. Safari hii alipita Swaziland, Afrika Kusini, Botswana na Zambia, na mwaka 1965 akaingia Dar es Salaam akiwa na miaka 20. Alipewa kazi Taasisi, msaidizi wa Janet Mondlane. Kisha ukaja ule waraka ambao vijana wenzake walikuwa wakiuota: nafasi ya kusoma Uswisi, gharama zote zimelipwa. Aliikataa. Mwaka 1967 alikuwa mmoja wa wasichana 25 waliokwenda Nachingwea kufunzwa kijeshi, na kutoka kundi hilo kikazaliwa Kikosi cha Wanawake.

Nachingwea yenyewe ilikuwa ardhi yenye kicheko chake. Hapo ndipo Waingereza walipotupa mamilioni ya pauni kwenye mradi wa karanga miaka ya 1940, wakang'oa miti, wakaleta matrekta, wakashindwa. Shamba Na. 17 la mradi ule uliokufa ndilo lililokuja kuwa kambi ya FRELIMO.

Kazi aliyoifanya Josina baada ya hapo haikuwa ya kupiga picha na bunduki, ingawa picha za namna hiyo zipo. Mwaka 1969 alipewa idara ya mambo ya jamii. Alizunguka maeneo yaliyokombolewa akifungua vituo vya kulea mayatima na watoto wa wapiganaji, na akiwashawishi wazazi wawapeleke binti zao shule, jambo ambalo wazee wengi walilipinga kuliko walivyompinga Mreno. Mwezi Mei mwaka huo aliolewa na Samora, na harusi ikafanyika Tunduru, kwenye kituo cha watoto alichokuwa amesaidia kukijenga. Alikufa Dar es Salaam tarehe 7 Aprili 1971, baada ya ugonjwa, hajafikisha miaka 26. Siku hiyo ndiyo Siku ya Wanawake ya Msumbiji, na ni sikukuu ya taifa.

Aliikataa Uswisi. Wenzake wengi hawakuikataa, na mimi siwahukumu.

Mwaka 1966 chama kiliamua kwamba mwanafunzi hatasoma mfululizo mpaka juu huku nchi ikipigana. Lazima akatize masomo kwa muda, aende ndani kufundisha, kutibu au kupigana. Kwa viongozi hili halikuwa na mjadala: umelishwa, umevikwa, umefundishwa bure kwa mgongo wa wanaobeba mizigo kuvuka mto, basi rudi ukawafundishe watoto wao. Kwa kijana aliyetembea miezi kufika Dar es Salaam, akiwa ameacha mama na mifugo kwa ahadi ya shule, ilisikika tofauti. Alikuja kupanda ngazi, na sasa anaambiwa ashuke kabla hajafika juu. Tena aliona, au alidhani anaona, kwamba watoto wa wakubwa na watu wa kusini mwa Msumbiji wanapita mbele yake kwenda Ulaya.

Msomaji wa Tanzania atakumbuka kilichotokea kwetu mwaka huohuo. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana hadi Ikulu kupinga Jeshi la Kujenga Taifa la lazima, wakilalamikia muda na posho. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, akakasirika, akawarudisha makwao mamia yao. Miezi mitano baadaye akatoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea. Alikuwa na mfano wake wa miaka ile, wa mtu anayepewa chakula chote kilichobaki katika kijiji chenye njaa ili apate nguvu ya kwenda kuleta msaada: akila asirudi, ni msaliti. Mondlane aliishi katika mji uliokuwa ukiyasikia hayo kila siku redioni. Tofauti ni kwamba mwanafunzi wa Dar es Salaam alirudishwa kijijini kwa baba yake, naye mwanafunzi wa Kurasini hakuwa na kijiji cha kurudishwa isipokuwa kilicho chini ya mabomu.

Mwaka 1967 alifika padri Mkatoliki kutoka Sofala, Mateus Gwenjere, ambaye alikuwa amewasaidia vijana wengi kutoroka kujiunga na chama. Msemaji hodari, mwenye hasira ya haki na pengine tamaa yake pia. Wanafunzi walimkimbilia. Madai yao yakawa mengi, na si yote yalikuwa ya uvivu. Walihoji kwa nini walimu weupe wafundishe katika chama kinachopigana na weupe. Kati ya walimu hao, mbali na Martins, alikuwemo Fernando Ganhão, na Jacinto Veloso, rubani wa jeshi la Ureno aliyeasi mwaka 1963 kwa kurusha ndege ya jeshi mpaka Dar es Salaam. Walihoji pia lugha. Masomo yalikuwa kwa Kireno, na wao walitaka Kiingereza kilichofungua milango ya ufadhili. Viongozi walijibu kwamba Kireno ndicho pekee kinachoweza kumkutanisha Mmakonde na Mshangaani. Jibu lenyewe lina mantiki yake, lakini mwaka ule ule, katika mabweni na maghala na kambi za kusini, lugha iliyokuwa ikifanya kazi hiyo kila siku bila kuombwa ilikuwa Kiswahili. Sijaona mahali upande wowote ulipokipigania darasani.

Usiku mmoja wa Machi 1968 viongozi wa chama waliingia bwenini kurudisha nidhamu. Ikawa vurugu, polisi wakaitwa, wanafunzi wakatawanyika, wengi wao wakaishia Kenya. Sekondari ilifungwa. Mwezi Mei kundi la wapinzani lilivamia ofisi ya FRELIMO mjini, na Mateus Muthemba, mmoja wa watu wa chama, akapigwa hadi kufa. Mwezi huohuo serikali ya Tanzania iliwaondoa nchini Martins, Veloso na Ganhão. Bweni ambalo Waswidi walikuwa wakililipia likabaki na vitanda vitupu.

Chama kilijibu mgogoro kwa kwenda kufanya mkutano wake mkuu wa pili ndani ya Msumbiji, Matchedje, Niassa, Julai 1968. Mondlane alichaguliwa tena. Tarehe 3 Februari 1969, akiwa nyumbani kwa rafiki huko Oysterbay ambako alipenda kufanyia kazi, alifungua kifurushi cha barua. Ndani kulikuwa na kitabu, na ndani ya kitabu bomu. Alizikwa Kinondoni. Janet, mjane mwenye watoto watatu katika nchi ya kigeni, aliendelea kwenda ofisini.

Kuna waandishi wanaosema Taasisi ilikufa mwaka 1968. Nakataa, ingawa naelewa wanachotaka kusema. Ile ya kwanza, iliyotaka kuzalisha wasomi wachache wa kwenda ng'ambo, haikufufuka. Iliyoinuka baada yake ilikuwa ya aina nyingine, na kwa maoni yangu ilikuwa ngumu zaidi na ya maana zaidi. Sekondari ilifunguliwa upya mwaka 1970, lakini Bagamoyo, mbali na fitina za mjini, na sharti likawa wazi tangu mlangoni: anayeingia anajua atatoka kwenda wapi. Tunduru ilipanuka. Mtwara palikuwa na hospitali ya chama, iliyopewa jina la Américo Boavida, daktari wa MPLA, chama cha ukombozi cha Angola, aliyeuawa vitani mwaka 1968. Waliojeruhiwa ndani walibebwa kwa machela siku nyingi kuifikia.

Kuhusu lile sharti nina neno moja. Shule inayomwambia kijana mapema anachodaiwa ni ya haki kuliko inayomwambia katikati ya safari. Lakini sharti lililo wazi halimpi nafasi ya kusema hapana, na baada ya 1968 kusema hapana kuliitwa usaliti. Gwenjere na wengine waliopinga, akiwemo Uria Simango aliyekuwa makamu wa Mondlane, waliuawa miaka ya kwanza ya uhuru mikononi mwa dola mpya, bila mahakama. Nadhani makala ya kumbukumbu isiyoandika hilo imeamua kuwa tangazo.

Katikati ya 1970 jenerali Kaúlza de Arriaga alileta askari wapatao 35,000 Cabo Delgado katika operesheni iliyoitwa Nó Górdio. Kambi zilitekwa, mashamba yakachomwa, na watu wakasukumwa kwenye vijiji vya kulindwa na waya. Shule zilifanya zilichokuwa zimezoea: zikagawanyika vikundi vidogo, zikahama. Shule isiyo na jengo ina faida hiyo. Unaichukua kichwani pamoja na ubao. Vita vikasogea kuelekea Tete na kusini, na walimu wakasogea navyo.

Aprili 1974 jeshi la Ureno liliipindua serikali yake lenyewe. Septemba 7 mkataba ukasainiwa Lusaka, na tarehe 25 Juni 1975 bendera ikapandishwa. Mwezi mmoja baadaye, Julai 24, serikali ya Samora ilitaifisha shule, hospitali na hata huduma za mazishi, zote kwa pigo moja. Ukiangalia orodha ya waliokabidhiwa kazi hizo unaiona Kurasini imehamia Maputo. Hélder Martins alikuwa waziri wa kwanza wa afya. Ganhão aliongoza chuo kikuu, ambacho mwaka 1976 kilipewa jina la Eduardo Mondlane. Graça Simbine, aliyekuwa naibu mkuu wa sekondari ya Bagamoyo, akawa waziri wa elimu, na mwaka huohuo wa uhuru aliolewa na Samora. Nchi ilikuwa na walimu wachache mno baada ya Wareno kukimbia kwa maelfu, na wanafunzi wa sekondari walitolewa madarasani wakapelekwa kufundisha. Safari hii hakuna aliyeuliza kama sharti lilikuwepo.

Dar es Salaam Taasisi haikuwa na kazi tena. Watoto wa Tunduru walipakiwa kwenye malori kurudi nchi ambayo wengine hawakuwahi kuiona, wakizungumza Kiswahili kilichowashangaza bibi zao. Mwaka 1978 serikali za Tanzania na Msumbiji zilianzisha Kurasini chuo cha pamoja cha uhusiano wa kimataifa. Wengi tunakiita Chuo cha Diplomasia, na siku hizi kina jina la Dk. Salim Ahmed Salim. Vijana wanaoingia hapo wakiwa na suti za usaili hulipa ada, kama vyuo vyote.

Urithi wa ng'ambo haukupewa muda wa kukomaa. Kuanzia 1977 hadi mkataba wa Roma wa Oktoba 1992, vita vya waasi wa RENAMO vililenga hasa vitu viwili vilivyoionyesha serikali kijijini: zahanati na shule. Walimu waliuawa au kukatwa viungo, na majengo yaliyokuwa yamepanda haraka yaliteketea kwa mamia. Halafu, tarehe 5 Oktoba 2017, vijana wenye silaha walivamia vituo vya polisi Mocímboa da Praia, na Cabo Delgado ikawaka upya. Sasa adui hakuwa na bendera ya Ulaya. Wengi walikuwa watoto wa palepale, na miongoni mwa mambo waliyoyachukia ilikuwamo shule ya serikali. Chai, ambako vita vya uhuru vilianzia, imeshambuliwa zaidi ya mara moja. Askari wa Tanzania walikwenda huko, kuanzia 2021, chini ya bendera ya SADC.

Mamia ya maelfu walikimbia. Wengi walipelekwa kwenye makazi ya Metuge, Ancuabe na Montepuez, ambako madarasa ni turubai, na turubai zikijaa ni miti. Ubao ni halisi, umeletwa na mashirika, na chaki ipo ikiwahi kufika. Mwalimu, aliyekimbia kama wao, anaandika Kireno. Mapumziko yakifika watoto wanaitana kwa Kimakonde, kwa Kimakuwa na kwa Kimwani, ambacho Mswahili akikisikiliza kwa dakika chache tu ataanza kukifuata.